Aina za maneno: Neno hutambuliwa kwa kazi yake katika sentensi

SWALI linalomtaka mtahiniwa abainishe aina za maneno yaliyopigiwa mstari ni la tangu jadi, na aghalabu ndilo huonekana jepesi kuliko yote katika sehemu ya Matumizi ya Lugha. Mwanafunzi hulikimbilia kwa furaha. Huliona neno "vizuri", akakumbuka kwamba mwalimu aliliandika ubaoni chini ya vielezi, akajaza "kielezi" na kusonga mbele. Ikiwa sentensi yenyewe ilikuwa "Alituletea viazi vizuri", alama imekwisha kumponyoka.

Sehemu hiyo hubeba alama 40 kati ya 80 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE. Swali la aina za maneno huenda likatengewa alama chache tu, lakini maswali mengine kadhaa hujengwa juu yake. Mtahiniwa aliyeagizwa kuchanganua sentensi kwa mchoro wa matawi au kwa jedwali hawezi kutenga kundi nomino na kundi tenzi ikiwa hajui nomino iko wapi na ni neno gani linaloifafanua. Akikosea katika hatua ya kwanza, matawi yote yaliyo chini hukauka pamoja.

Orodha inayofundishwa nchini Kenya ina aina nane: nomino (N), kitenzi (T), kivumishi (V), kielezi (E), kiwakilishi (W), kihusishi (H), kiunganishi (U) na kihisishi (I). Kuna vitabu vinavyokiita kihisishi kiingizi, na kuna wazee ambao hadi leo huiita nomino jina. Tofauti hizo za istilahi hazimdhuru mtu. Madhara huja pale mwanafunzi anapoichukua orodha hiyo kuwa makabati manane, akalitia kila neno katika kabati lake na kufunga kufuli.

Vazi lililokatiwa mwili mwingine

Inafaa kukumbukwa kuwa orodha yenyewe haikuzaliwa Afrika Mashariki. Mizizi yake imo katika sarufi ya Kigiriki inayonasibishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ambayo pia ilitaja aina nane, ingawa si nane hizi. Haikuwa na kihisishi, na vivumishi vilihesabiwa pamoja na nomino. Warumi waliirekebisha ili ifae Kilatini, na wasomi wa Ulaya wakairithi kutoka Kilatini kwa ajili ya lugha zao, Kiingereza kikiwamo.

Mmishonari Mwingereza Edward Steere alipochapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870, alipanga sarufi kwa sura za aina hizo hizo alizozoea kwao. E. O. Ashton, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka wa 1944, ndiye aliyezipa ngeli na upatanisho uzito unaostahili. Vitabu vya shule vimechota kwa wote wawili, na si ajabu basi kwamba vazi hili hubana hapa na kulegea pale.

Kwa Kiswahili, shahidi wa kwanza wa kuitwa ni upatanisho. Tazama sentensi hii: "Alipanga vitabu vizuri." Ina maana mbili, na zote ni halali. Huenda vitabu vyenyewe vilikuwa vizuri, au huenda upangaji ndio uliokuwa mzuri. Chanzo cha utata ni kwamba kiambishi vi- kinafanya kazi mbili: huonyesha wingi wa ngeli ya KI-VI, na pia hutumika kuunda vielezi vya namna kama vile vizuri, vibaya na vyema.

Dawa yake ni kubadilisha nomino. Badala ya vitabu, weka magazeti. Aliyemaanisha sifa ya kitu atalazimika kusema "Alipanga magazeti mazuri". Neno limefuata nomino, kwa hivyo ni kivumishi. Aliyemaanisha namna ya kupanga atasema "Alipanga magazeti vizuri". Neno halikutikisika, kwa hivyo ni kielezi. Umoja hufanya kazi iyo hiyo: "kitabu kizuri" kwa upande mmoja, "alipanga kitabu vizuri" kwa upande mwingine. Na mwandishi asiyetaka kumtatiza msomaji anaweza kukisogeza kielezi karibu na kitenzi: "Alipanga vizuri vitabu." Hapo shaka yote huisha, kwa kuwa vivumishi vya Kiswahili vya aina hiyo hukaa baada ya nomino.

Bado upo mlango wa tatu. "Vizuri vimenunuliwa vyote" haina nomino yoyote. Neno vizuri limesimama mahali pa vitu ambavyo msemaji na msikilizaji wanavijua, na limekuwa kiwakilishi. Neno moja, herufi zile zile, limepita katika aina tatu bila kubadilisha hata irabu. Ndivyo ilivyo kwa vipi pia: "Ulinunua viti vipi?" (V), "Vipi vimevunjika?" (W), "Utafika vipi?" (E), mbali na ile salamu ya vijana ambayo haiulizi chochote.

Methali na viwakilishi

Kivumishi na kiwakilishi ndio pacha wanaowasumbua watahiniwa zaidi, na kanuni ya kuwatenganisha ni fupi mno: je, nomino inayofafanuliwa ipo katika sentensi, au imeachwa? "Mtoto yule analia" ina kivumishi. "Yule analia" ina kiwakilishi. Hata kionyeshi kikitangulia, kama katika "Yule mtoto analia", nomino ingali ipo na kionyeshi kingali kivumishi. Wanaokiita kiwakilishi kwa sababu tu kimetangulia wanapima nafasi badala ya kazi.

Anayetaka kulizoea jambo hili hana haja ya kununua kitabu kingine. Achukue methali. Wahenga walipenda kubana maneno, na njia yao kuu ya kubana ilikuwa kuiacha nomino. "Cha mlevi huliwa na mgema": cha mlevi ni nini? Ni kitu, chakula au chochote kile alicho nacho mlevi, lakini nomino haikutajwa, kwa hiyo cha mlevi ni kiwakilishi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu": neno la mkuu limekuwa la mkuu tu. "Mwenye nguvu mpishe", "Wengi wape" na nyingine za mfano huo zimejaa viwakilishi ambavyo mwanafunzi amevitamka tangu utotoni bila kuulizwa ni vya aina gani. Zirejeshee nomino zake, "mtu mwenye nguvu", "watu wengi", na papo hapo viwakilishi hivyo hugeuka vivumishi.

Mizizi inayoitwa ya pekee, yaani -enye, -enyewe, -ote, -o-ote na -ingine, hufuata kanuni hiyo hiyo. Hata hivyo -enyewe inahitaji jicho la ziada. Chukua sentensi ya habari za mahakamani: "Shahidi alimwona mshukiwa mwenyewe." Je, ni mshukiwa hasa ndiye aliyeonekana, wala si mtu aliyefanana naye? Au ni shahidi aliyejionea kwa macho yake, wala hakusimuliwa? Katika maana ya kwanza, mwenyewe ni kivumishi kinachoshikamana na mshukiwa. Katika ya pili kimejitenga na nomino yake na kuiwakilisha kutoka mbali. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu, maana ushahidi wa kusikia haulingani na wa kuona. Wingi huiweka wazi: "Mashahidi walimwona mshukiwa mwenyewe" na "Mashahidi walimwona mshukiwa wenyewe" hazichanganyiki kamwe. Mwandishi makini angeandika tangu mwanzo "Shahidi mwenyewe alimwona mshukiwa".

Nomino zinazohama

Nomino nayo husafiri. Neno haraka ni nomino katika "Haraka haraka haina baraka", kwa kuwa ndilo kiima na kitenzi kimepatanishwa nalo. Katika "Njoo haraka" ni kielezi. Mbio ni nomino katika "Mbio za masafa marefu zimeiletea Kenya sifa", na ni kielezi katika "Alikwenda mbio". Leo ni kielezi katika "Wamefika leo", lakini anayesema "Leo ni leo" ameifanya nomino mara mbili katika sentensi ya maneno matatu.

Kwa kiambishi tamati -ni mambo huwa matamu zaidi. Wanafunzi hufundishwa kuwa nyumbani, shuleni na sokoni ni vielezi vya mahali, na katika "Ameenda nyumbani" ndivyo ilivyo. Lakini "Nyumbani mwake mnanukia udi" ni sentensi ambayo kiima chake ni nyumbani, na kitenzi kimechukua m- ili kupatana nacho. Neno linalotawala upatanisho wa kitenzi ni nomino, katika ngeli ya mahali. Mwanafunzi aliyekariri kwamba -ni ni alama ya kielezi ataikosa, na hatakuwa na wa kumlaumu isipokuwa orodha aliyoikariri.

Majina mengine hugeuka vivumishi kwa kukaa tu baada ya nomino nyingine, kama askari kanzu au bata mzinga. Kanzu likiwa peke yake ni vazi; likiwa nyuma ya askari linaeleza ni askari wa namna gani.

Pengine hakuna neno linaloonyesha uhamaji huu vizuri kuliko maskini. "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba": nomino. "Watu maskini hawakupata msaada": kivumishi, hata kama halichukui kiambishi cha upatanisho, kwa sababu ni miongoni mwa yale yaliyotoka lugha ya Kiarabu ambayo, kama safi, hodari na rahisi, hukaa vile vile katika kila ngeli. "Maskini! Ameteleza": kihisishi, na alama ya mshangao ndiyo inayolifichua. Mwanafunzi atakayeulizwa nje ya sentensi maskini ni neno la aina gani ana haki ya kurudisha swali kwa aliyeuliza.

Kitenzi kikivaa ku- huzua mtanziko wa namna yake. Katika "Kuimba kwake kunapendeza", kuimba ni nomino: kina kivumishi kimilikishi nyuma yake na kitenzi kinachopatana nacho. Katika "Alikuwa akiimba" hakuna ubishi, kuna kitenzi kisaidizi kikifuatwa na kikuu. Katikati yake imo "Anataka kuimba", ambayo walimu wengine huiona kuwa kitenzi kikuu baada ya kisaidizi na wengine wakaiona nomino inayotendewa, sawa na "Anataka chai". Hoja ya pili ina nguvu, lakini kuimba hapo kungali kunaweza kubeba yambwa yake, "Anataka kuimba wimbo", jambo ambalo chai haiwezi. Kwa mtihani, tawi la kitenzi ndilo salama zaidi.

Maneno madogo, magomvi makubwa

Pasipo na upatanisho wa kutegemea, yaani katika vihusishi na viunganishi, wanafunzi wengi hukimbilia kutafsiri. Hujiuliza neno fulani ni nini kwa Kiingereza, kisha wakalipa aina ya neno lile la Kiingereza. Ni mbinu mbovu. Kiingereza hakina ngeli wala a-unganifu, na hakiwezi kutoa ushahidi juu ya vitu kisivyokuwa navyo.

Hapo ndipo a-unganifu ilipozua mgogoro wa miaka mingi. Katika "gari la baba", wapo wanaoliita la kihusishi, wakiongozwa kwa kiasi fulani na Kiingereza. Wapo wanaolichukua la baba kwa pamoja kuwa kivumishi cha a-unganifu, na huu ndio mkondo uliozoeleka katika vitabu vya Kenya. Kwa kupima kwa upatanisho, mkondo wa pili una haki zaidi: gari la baba, kiti cha baba, mashamba ya baba. Neno linalobadilika kufuata nomino inayolitangulia linatenda kama kivumishi, na nomino ile ikiachwa linatenda kama kiwakilishi, kama ilivyokwisha kuonekana kwa mlevi na mgema wake. Vihusishi halisi, mathalani katika na hadi, havibadiliki kwa ajili ya nomino yoyote.

Jambo la busara kwa mtahiniwa ni kutazama mstari umepigwa wapi. Ukipigwa chini ya la baba, jibu ni kivumishi. Ukipigwa chini ya kwa kisu katika "Alikata mkate kwa kisu", fungu zima linaeleza kitendo kilifanywa kwa kutumia nini, nalo ni kielezi. Ukipigwa chini ya kwa peke yake, hicho ni kihusishi. Watahiniwa wengi hujibu swali la neno kwa jibu la fungu, na la fungu kwa jibu la neno.

Na ni neno jingine dogo lenye sura nyingi. "Juma na Asha wamefika" ina kiunganishi, na kitenzi kilicho katika wingi kinathibitisha kuwa wawili hao wamefungwa pamoja kuwa kiima kimoja. "Juma amefika na Asha" ina kitenzi cha umoja; Juma peke yake ndiye kiima, na na hapo ni kihusishi. Vivyo hivyo katika "Alisifiwa na mwalimu", ambapo na humtambulisha mtenda. Ama katika "Ana kalamu" na "Hatuna muda", na limevaa viambishi vya nafsi na kufanya kazi ya kitenzi cha kumiliki. Kinachoulizwa hapo ni neno zima "ana" au "hatuna".

Maneno ya mahali na wakati huhitaji mtazamo mmoja tu. Yakifuatwa na nomino kupitia ya, ni vihusishi: mbele ya duka, juu ya meza, baada ya chakula. Yakisimama peke yake nyuma ya kitenzi, ni vielezi: "Tangulia mbele", "Amepanda juu". Utingo wa matatu anayewahimiza abiria wasonge nyuma anatumia kielezi. Akisema "nyuma ya dereva", ametumia kihusishi.

Tanakali za sauti, kama "Jiwe lilianguka majini chubwi" au "Kitambaa ni cheupe pe", huwekwa na vitabu vya shule katika vielezi kwa jina la vielezi viigizi. C. M. Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu nchini Afrika Kusini, alipendekeza mwaka wa 1935 kwamba maneno ya namna hii yawe aina inayojitegemea. Wasomi wengi wa Kibantu wamemfuata, ila watungaji wa mitihani hawajamfuata, na mtahiniwa aandike kielezi.

Yamebaki maneno ya adabu, ambayo hutamkwa mlangoni kila siku na kuchunguzwa kwa nadra. Karibu huorodheshwa pengine katika vihisishi. Lakini mwenyeji akiwapokea wageni wengi husema karibuni, sawa na asemavyo njooni au rudini, na mtu anaweza kusema pia "Wamekaribu kufika". Neno linalopokea kiambishi cha nafsi na cha wakati ni kitenzi. Linganisha na pole na asante: yana wingi, poleni na asanteni, ila hakuna asemaye "wamepole" wala "wameasante". Kiambishi -ni cha wingi basi hakitoshi kuwa ushahidi, na maneno hayo mawili yana haki ya kubaki katika vihisishi yanapotumiwa hivyo.

Karibu lenyewe halijaishia hapo. "Anaishi karibu" ina kielezi cha mahali. "Anaishi karibu na soko" ina kihusishi, na hapo ya ya mbele ya imeachia na nafasi yake. "Walihudhuria karibu watu mia moja" inapunguza uhakika wa idadi, na kazi hiyo ni ya kielezi. Na mtu akisoma kwamba wageni "waliwasili karibuni", asidhani kuna mwenyeji aliyesimama mlangoni: karibuni hapo ni kielezi cha wakati, na -ni yake si ya wingi.